Kupima Ukimya: Mtandao wa Vihisi vya Baridi ya Chanjo Butembo na Beni

Ebola ilipotangazwa kwetu Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, chanjo iliyoletwa Beni na Butembo ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya kazi hiyo, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takribani siku 20. Siku hizo ndizo zilizonileta hapa. Kifaa cha kulinda baridi kinachotegemea intaneti kingekuwa bubu wakati ule, na friji ingepata joto bila mtu kujua.

Ninachopendekeza ni mtandao usiotegemea mnara wa kampuni yoyote: nodi ndogo zenye redio, kila moja ikipokea habari za jirani na kuzisogeza mbele, hadi kwenye nodi mama katika ofisi ya zoni ya afya. Moja ikizimika, zilizobaki zinajitafutia njia nyingine.

Kihisi cha DS18B20, ambacho wanafunzi wengi hukichagua kwa urahisi wa bei, kinaishia nyuzi 55 chini ya sifuri. Kinafaa friji ya chanjo za kawaida za watoto, nyuzi 2 hadi 8. Kwa chanjo ya Ebola tumieni PT100 ya platini. Redio na betri zibaki nje, kwani sanduku la chuma la friji huzuia mawimbi na baridi kali huidhoofisha betri. Waya mwembamba tu upite penye mpira wa mlango.

Redio za nodi hizi, za aina ya LoRa, hufika kilomita kadhaa zikionana, ila Butembo ni mji wa vilima, na Beni iko zaidi ya kilomita 50 kwa barabara. Siahidi mnyororo wa nodi kati ya miji hii. Kila mji uwe na mtandao wake, na nodi mama ihifadhi vipimo kwenye kadi hadi njia ipatikane, hata ikibidi kadi ibebwe na mwendesha pikipiki. Antena nayo isisimikwe kilimani kabla wakaaji na chifu wao hawajaelezwa kazi yake. Penye vita, mlingoti usioelezwa unaweza kumponza mtu.

Sasa majaribio. Pimeni kihisi kwanza kwenye barafu iliyopondwa na maji, yaani nyuzi sifuri. Maji yanayochemka yatawadanganya: Butembo, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 94. Kisha haribuni kwa makusudi. Chomoeni betri ya nodi ya katikati, mhesabu dakika hadi njia mpya ipatikane. Zimeni nodi mama usiku kucha, asubuhi muiwashe mtazame kama vipimo vyote vimefika na saa zake.

Lakini jaribio ninalolisisitiza ni la ukimya. Nodi iliyopangwa kupiga kelele joto likipanda tu, ikinyamaza hujui kama chanjo iko salama au nodi imekufa. Kwa hiyo kila nodi itume neno "nipo" kila baada ya dakika 15. Likikosekana mara tatu, kengele ya ukutani ilie na kumwamsha muuguzi wa zamu, sawasawa na joto linapopanda. Nodi isiyofaulu hapo isifungwe kwenye friji yenye chanjo, hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi.