Jicho Lionalo Joto

Mnamo mwaka 1800, huko Uingereza, mwanafalaki William Herschel alikiweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya nuru ya jua iliyopasuliwa kwa kioo cha pembe tatu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, akastaajabu kuona joto likizidi papo hapo. Mionzi hiyo iliyofichika, ambayo kila kiumbe na kila jiwe hakikosi kuitoa kwa kadiri ya joto lake, ndiyo inaswayo na kamera ya joto, isiyohitaji taa wala mbalamwezi.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2016, askari wa wanyamapori wa Maasai Mara, nchini Kenya, wamezitumia kamera hizo, zikiwa zimefungwa juu ya gari, kuwafuatilia majangili waliozoea kuufanya usiku kuwa maficho yao.

Lakini msidhani kwamba jicho hili halina taksiri. Adhuhuri, ardhi ikishachomwa na jua hata joto lake likakaribiana na la mwili, mnyama hupotea machoni pake. Mvua na ukungu humfifiza. Na kioo cha dirisha, ambacho sisi twaona ng'ambo yake bila ya taabu, kwalo ni ukuta, ndiyo maana lenzi zake aghlabu hutengenezwa kwa jerimaniamu.

Basi wewe ukaaye kandokando ya mbuga, uonapo mtego au nyayo za wageni, waarifu askari mapema, kwani kamera hazienei mpaka mzima.