Nani Akeshe na Mtoto Mchanga?



Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Mzazi hawezi kukesha peke yake. Huku kwetu, tangu Bagamoyo, Kaole na Mlingotini hata Bunju, siku 40 za uzazi zilikuwa na bibi, shangazi au somo wa kumsaidia. Leo wengi wao wako mbali, na nyumba nyingi huajiri msichana wa kazi.

Kuajiri si kosa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imeruhusu hata mnyonyeshaji wa kulipwa, maadamu apewe ujira wake kwa wema, na Mtume (s.a.w.) alinyonyeshwa na Bibi Halima. Lakini tunamchagua nani? Binti wa miaka 15 aliyeshinda akifua na kupika, kisha akaachiwa mtoto usiku, amedhulumiwa. Na mtoto naye yumo hatarini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kwa kazi za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Basi tuchague mtu mzima, mwenye subira, aliyepumzika mchana. Tumwelekeze: mtoto alazwe chali, asipewe maji wala uji, akikataa kunyonya, akipata homa, degedege au akipumua kwa taabu, atuamshe papo hapo, tumpeleke hospitali usiku huo huo. Nasi akina baba tushike zamu. Ujira haumwondolei mzazi amana yake.

Wabillahi tawfiq.