Chombo cha Kukombea Mti katika Kerezo



Sisi mafundi wa karakana tunaokereza mti twapenda kusema neno juu ya chombo cha kukombea ndani ya bakuli na mitungi.

Kwanza, tazameni umbo la kazi. Bakuli la mdomo mpana hutaka chombo kilichonyoka. Mtungi wa mdomo mwembamba hutaka chombo chenye shingo iliyopinda, kipate kufika chini ya mabega.

Pili, tazameni unene. Ncha ikipita mbele ya egemeo urefu mara mbili, chuma kile kile hupinda mara 8 kwa nguvu ile ile. Bali chuma cha mviringo chenye unene mara mbili huwa kigumu mara 16. Kwa hiyo kazi yenye kina hutaka chuma kinene na mpini mrefu.

Tatu, tupa kuukuu isigeuzwe chombo. Ni ngumu, lakini hukatika kama kigae, na kipande huruka machoni.

Basi tajiri akisema tupa yatosha, asijibiwe na mtu mmoja. Tumwambie sote pamoja: chombo ni mali ya kazi, jicho ni mali ya mtu.