Nilichokiona Kimwarer

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Sosiot, baada ya futari)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, sogeeni mbele. Sitawaweka sana, Isha inakaribia.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari. Najua wengine mlitarajia Lamu, au Umra. Umra sijafika, Mwenyezi Mungu atujaalie sote. Mimi nitawapeleka Kimwarer, kule Bonde la Kerio, kwa sababu tangu nirudi huko sijaweza kuiangalia kambi yetu ya chai kama zamani.

Ilikuwa mwaka 2021, nikingoja kuingia chuo. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa fluospa kule, na alitaka kumwona rafiki yake aliyebaki. Tukapanda matatu hadi Kericho, tukapitia Londiani na Eldama Ravine mpaka Nyaru, kwenye baridi kama hii yetu. Kutoka pale barabara inateremka kona baada ya kona, na kila kona unavua nguo moja. Chini ni joto, migunga na vumbi.

Fluospa ni nini? Mimi pia sikujua. Ni madini yanayotumika kuyeyushia chuma, kutengenezea aluminiamu, na kutengeneza asidi ambayo hutoa gesi za friji. Yaligunduliwa huko miaka ya 1960, uchimbaji ukaanza miaka ya 1970. Waliokuwa wakiishi pale walihamishwa, na manung'uniko ya fidia yamedumu miaka mingi hata baada ya mgodi kufungwa. Kampuni ikajenga nyumba za wafanyikazi, na watu wakaja kutoka kila pembe. Mzigo ulipanda bonde kwa malori, ukaenda Mombasa, ukavuka bahari. Nikamwuliza mjomba, "Mliwahi kumwona mnunuzi?" Akacheka. Bei ilipangwa mbali kabisa na bonde lile.

Mwaka 2009, dunia ilipoyumba kiuchumi, kazi ilisimama. Ikarudi 2010. Mjomba anasema hiyo ndiyo iliyowadanganya: walipoambiwa mwaka 2016 kwamba bei imeanguka na kazi inasimama tena, wengi walikaa wakingoja, wakikopa unga dukani. Mwaka 2018 mkataba wa kampuni ukaisha. Duka nalo likafungwa.

Tulipofika, mitambo ilikuwa imesimama, imeshika kutu. Nyumba ziko safu safu, nyingi zimefungwa, nyasi zimefika madirishani. Tulifungua bomba ili tutawadhe, likakohoa hewa tu. Tukatumia maji ya chupa tuliyobeba, tukaswali Adhuhuri chini ya mgunga, mbuzi wakitutazama. Usidhani hakukuwa na watu. Walikuwepo, wachache, wanaoishi kama mtu anayelala na viatu.

Mjomba akanipeleka kwenye nyumba aliyokaa miaka kumi na moja. Kufuli. Pembeni kulikuwa na mpera alioupanda mwenyewe, umezaa mpaka matawi yameinama. Palikuwa na mtoto mchungaji chini yake, anakula. Mjomba, mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, akamwomba yule mtoto ruhusa ya kuchuma. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Chukua mbili."

Njia yote ya kurudi mpaka Nyaru hakusema neno.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza mipango ya kuufufua mgodi ule. Mjomba alisikia redioni. Sasa ana kibanda chake cha kuchomelea vyuma Eldoret, na hakuuliza habari zaidi.

Mtasema, chai si madini, haiishi ardhini. Ni kweli, majani yanachipua kila wiki. Lakini nani anayachuma? Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto hapa hapa Kericho, na sababu mnaijua kuliko mimi. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Nasema tu kwamba mji hauhitaji shamba life ndipo uhamwe. Unatosha mkono wa mtu kutohitajika. Na nyumba tunazolala, wengi wetu tuliokaa hapa, si zetu. Mtu akiacha kazi anarudisha ufunguo.

Niliporudi nilimsimulia baba, ambaye amechuma majani miaka ishirini na sita. Nikamwuliza, "Baba, sisi tukitolewa hapa tutaenda wapi?" Hakunijibu. Aliuliza tu kama ule mpera ulikuwa mkubwa.

Mwezi uliofuata alinunua nguzo kumi na mbili, akazipeleka kwa nyanya upande wa Bomet, kwenye kipande alichogawiwa. Mpaka leo zimefika thelathini na nane. Bado mabati.