Kabureta Haijui Kwamba Imehama



Kijana ananunua Dar es Salaam pikipiki iliyokwisha kutumika, ile ya injini ya mipigo miwili ambayo mafundi huiita tu-stroki. Kule pwani inakwenda kama mshale. Anaifikisha Mbeya, asubuhi ya kwanza inagoma kuwaka. Ikiwaka inakohoa, inatoa moshi mzito, na mlima wa kwenda Chunya haiuwezi. Kijana analalamika kwamba ameuziwa mbovu. Je, ni kweli?

Hapana. Kilichobadilika ni hewa. Mji wa Mbeya upo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mkandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa pwani kwa karibu asilimia 18. Kitulo, penye mita zaidi ya 2,600, upungufu unapita robo. Lakini kabureta haijui kwamba imehama. Jeti yake ina tundu lile lile la Dar es Salaam, nayo inamimina petroli nyingi kwenye hewa haba. Petroli haiungui yote, plagi inalowa na kuwa nyeusi.

Dawa yake ni kuweka jeti kuu yenye tundu dogo kidogo, hatua moja moja, kila mara ukiitazama plagi. Ikiwa ya kahawia, injini ina afya. Nyeusi na mbichi, petroli bado imezidi. Nyeupe, simama, umepunguza mno. Nguvu zote za pwani hazitarudi, maana hewa ni haba, lakini injini itatulia. Wapo wanaotoa chujio ili injini ipumue. Hao wanakaribisha vumbi likale silinda.

Ndugu wasikilizaji, hatari kubwa ipo safari ya kurudi. Mtu anateremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, aelekee pwani, na jeti ile ile ya Mbeya. Sasa hewa ni nzito, petroli haitoshi, injini inachemka. Na kama oili yake huchanganywa kwenye petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inakamata, gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Hapo si suala la vipuri tena, ni roho ya mtu.

Hata misumeno ya mnyororo inayopasua mbao Mufindi ina injini za aina hiyo. Iliyorekebishwa huko juu, ikipelekwa mabondeni irekebishwe upya kabla ya kukata gogo la kwanza.

Kwa hiyo usiitupe jeti ya zamani. Ifunge kwenye kitambaa, iweke na spana zako, na namba za jeti zote mbili ziandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.