Mapigo ya Moyo na Hofu ya Kisu



Mimi ni mfanyabiashara, si tabibu. Nimeombwa niseme neno juu ya ugonjwa ambao wengi wa rika langu huuficha, nao ni kwenda kombo kwa mapigo ya moyo. Moyo ukidunda ovyo, mmoja husema ni gesi, mwingine husema ni mawazo ya biashara. Na aliyekwisha kuambiwa ukweli huogopa kisu.

Moyo huongozwa na umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, vyumba vya juu vya moyo huweza kutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama, hata ikaganda. Bonge lake likifika kwenye ubongo, huleta kiharusi.

Hofu ya kisu haikuwa ya bure. Mwaka 1987, mjini St. Louis, Marekani, daktari James Cox alipoanza kuutibu ugonjwa huu kwa upasuaji, ilibidi kidari kipasuliwe, moyo usimamishwe, ukatwe na kushonwa. Makovu yake yalikuwa kama kuta za vichochoro: umeme haupiti kwenye kovu, hivyo hufuata njia iliyoachwa wazi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba vurugu hizo mara nyingi huanzia kwenye mishipa iletayo damu kutoka mapafuni.

Leo kazi ile ile ya kuweka kovu hufanywa kwa mrija mwembamba unaopenyezwa katika mshipa wa kwenye kinena hadi moyoni, ukachoma kwa joto au ukagandisha kwa baridi kali. Wagonjwa wengine hutibiwa kupitia matundu madogo baina ya mbavu, daktari akiongozwa na kamera, na moyo ukiendelea kupiga. Hapo huweza pia kuzibwa kifuko cha moyo ambamo damu hupenda kuganda.

Sisemi kwamba kila mtu hupona, wala kwamba hakuna hatari. Wapo wanaorudia tiba, na wapo wanaotoshelezwa na dawa. Lakini moyo ulioachwa miaka mingi katika vurugu hupanuka, na kuutibu huwa kugumu zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi wenye maduka hatufungi siku bila kuhesabu mauzo. Basi usiku wa leo, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100, yenye mwendo sawa. Yakiruka-ruka bila mpangilio, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Ni kipimo cha dakika chache, kisicho na maumivu. Na aliyepewa dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache bila kumwuliza daktari wake.

Kisu kimekuwa kidogo. Na hofu yetu nayo ipungue.