Miwani Janja na Haki ya Anayetazamwa



Tunaalikwa leo kutafakari juu ya chombo kidogo kinachozidi kuenea duniani: miwani yenye kamera, kinasa sauti na spika ndani ya fremu yake, inayounganishwa na simu. Kampuni ya Google ilionyesha miwani ya namna hiyo mwaka 2012. Wengi waliipinga kwa kuhofia kupigwa picha bila kujua, na mwaka 2015 ikaacha kuuzwa kwa umma. Tangu mwaka 2021, Facebook, ambayo sasa huitwa Meta, imekuwa ikiuza miwani kwa jina la Ray-Ban, ambayo kwa mtazamo wa haraka haitofautiani na miwani ya jua.

Hatukusudii kuilaani. Fundi mwenye mikono iliyojaa kazi huweza kuzungumza na simu bila kuigusa. Asiyeona husomewa kwa sauti barua yake au kibao cha mlangoni, naye hupunguza kuwategemea wengine. Hilo ni jambo la hadhi ya binadamu, nasi tunalipokea kwa shukrani.

Hata hivyo, haki hudai tuulize: nani anafaidika, na nani anabeba mzigo? Mvaaji amechagua mwenyewe; anayetazamwa hakuulizwa. Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, lakini jicho tulilojaliwa na Mungu halina ghala. Kamera inalo. Ilichokiona huhifadhiwa na huweza kusambazwa kwa watu tusiowajua. Apigaye picha kwa simu huinua mkono, tukamwona. Mwenye miwani hutazama tu. Watengenezaji wameweka kitaa kinachowaka wakati wa kurekodi, lakini asiyejua maana yake hakimsaidii kitu.

Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha, kwa nia ya kutahadharisha, kwamba picha za miwani hiyo zikiunganishwa na programu za kutafuta sura katika intaneti huweza kufichua jina la mtu mgeni, na hata anwani yake. Tumfikirie basi mama aliyemkimbia mume mkatili, au mgonjwa aliye katika foleni ya kliniki.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliitaja haki ya kila mtu ya kuheshimiwa na kulindwa maisha yake binafsi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inaitambua haki ya faragha. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mvaaji aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na azime kamera kabisa mahali pa kitubio, ushauri, usuluhishi na matibabu. Pili, picha ya mtoto isichukuliwe bila ridhaa ya wazazi. Tatu, asiyeona anayetumia miwani hiyo asifukuzwe wala kushukiwa. Tuzungumze naye kwa upendo.

Jumuiya ndogo ndogo zilijadili jambo hili mapema, kabla halijaleta ugomvi kati ya majirani. Tumtendee anayetazamwa kama ambavyo tungependa kutendewa sisi.

Amani ya Kristo iwe nanyi.